Tulipomwambia Mama Akapumzike

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na uliponionyesha kwenye simu hiyo hoteli yako ya kando ya ziwa, ikanirudia yote. Umesema unataka kuwapeleka wazazi wako mbuga ya Mara wakaone wanyama, kisha mshuke Ziwa Viktoria mkae ufuoni. Tena ni siri, hutawaambia mpaka siku ya kuondoka. Wazo ni zuri. Lakini kaa kwanza, shangazi yako akusimulie yaliyotupata sisi na shosho yako, mama yetu.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi ya ofisi mjini, na baba yako ni kijana wa maringo aliyehamia mtaa wa Kileleshwa juzi. Mama alibaki nyumbani Mutuini na ng'ombe wake. Kifua kikamsumbua, tukampeleka hospitali, na baadaye daktari akatuita sisi watoto akatuambia hakuna neno, ni moshi wa jikoni tu. Tulifurahi hadi tukaamua tumpeleke safari. Saa za chakula cha mchana tulikutana mjini, chipsi mezani, tukapanga kila kitu. Mimi nilidhani baba yako amempa Mama majibu ya daktari. Yeye alidhani nimempa mimi.

Jumapili, baada ya kanisa, tukamwendea. Baba yako unamjua, mdomo wake hauna breki.

"Mathe, tumeshapanga kila kitu. Tunakupeleka Mara uone simba, alafu tunashuka kwa ziwa, pale bichi, upumzike."

Mama akaweka kikombe chini. "Nipumzike?"

"Ee, upumzike kabisa. Umechoka sana, mathe."

Akasema asante, akaenda kukama ng'ombe. Sisi tukarudi mjini tukijisifu. Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe umekulia kanisani, unajua mchungaji wetu akitangaza msiba hasemi mtu amekufa. Anasema amepumzika.

Wiki ile Mama akaanza kugawa vitu. Kuku wakaenda kwa jirani, sufuria kubwa ikaenda kwa kikundi cha akina mama. Mimi sikujua lolote, hadi nilipomwona Mjomba Karanja, kaka yake mkubwa, amesimama mlangoni pa ofisi yangu, kofia mkononi. Hakuwahi kufika pale. Hata hakunisalimia.

"Mama yenu anakufa na nini?"

Nilisimama. "Nani amesema anakufa, Mjomba?"

"Si ni nyinyi? Mmeongea na daktari, yeye hamkumwambia kitu. Sasa mnataka kumpeleka mbali akapumzike. Jana ameniomba nimpimie mahali kando ya kaburi la baba yenu." Akakaa, akashusha pumzi. "Najua mnampenda. Lakini mmempangia mtu safari, na mtu mwenyewe hayumo."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Niliomba ruhusa kazini, nikampitia baba yako, tukaenda Mutuini mchana huo huo. Tulimkuta Mama anafua gauni lake jeupe la kanisani, polepole, kama mtu anayeandaa nguo ya kuzikwa nayo.

"Mathe, wewe ni mzima!" baba yako akasema kabla hata hajafika. "Ni moshi tu! Daktari alisema ni moshi!"

Mama alimtazama, akanitazama na mimi. Akacheka, kisha akalia, kisha akampiga baba yako begani kwa gauni lile bichi mpaka akalowa. Mimi nililia kuliko wote. Siku zote hizo alikuwa akilala na kifo chake peke yake, na sisi tunachagua hoteli.

Alipotulia nikamwuliza swali tulilopaswa kuanza nalo. "Mama, wewe ungependa kwenda wapi?"

Wala hakufikiri. "Simba sina shida naye, na yeye asiwe na shida na mimi. Ziwani nitaenda. Auma yuko huko."

Auma aliuza samaki sokoni kando ya mboga za sukuma za Mama tulipokuwa wadogo, kisha akarudi kwao. Hatukujua kwamba Mama bado anamkumbuka. Basi tukaenda. Bichi ya kina Auma haikuwa na miavuli, mwanangu. Ni mashua zinazoshusha samaki, na omena, wale dagaa wadogo, zimeanikwa juu ya nyavu. Wazee wale wawili walikaa miguu majini, wakichekana jinsi walivyozeeka. Mama akageuka akamwambia baba yako, "Sasa ndio napumzika. Na kesho nitaamka."

Akaamka kesho yake, na miaka mingi baada yake, mpaka ukazaliwa ukamkojolea mapajani. Kuku tu ndio hawakurudi. Jirani alikuwa ameshawala.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujalipia hoteli, nenda kwa wazazi wako uwaeleze yote. Kuuliza si ujinga. Mtu mzima akifichwa jambo, hata liwe jema, hulala akiwaza baya. Na ukimwambia mzee neno, ngoja uone limeingiaje masikioni mwake. Pengine mama yako naye ana Auma wake mahali, na hujawahi kumwuliza.

Mungu wa shosho yako awatangulie njiani. Simba muwaone kwa mbali, ziwa mlione kwa karibu. Mpumzike, na kesho yake muamke.