Kopo la Rafu ya Jikoni

Asubuhi ile binti wa fundi cherehani alitapika tena. Mtoto alizaliwa na ugonjwa wake, na daktari aliwahi kumweleza fundi, mama yake, kwa lugha ya ushonaji: mwilini kuna kimeng'enya kinachoandaa sukari ya kushonewa kwenye protini, kama vifungo kwenye shati. Cha mtoto huyu kilikuwa goigoi, mashati yakatoka bila vifungo. Dawa yake ilikuwa sukari ya aina ya pekee, nyeupe, iliyokaa koponi kwenye rafu ya jikoni. Akiikosa, tumbo linamgeuka na damu haigandi vizuri.

"Lakini si anakunywa kila siku?" fundi alijisemea, huku damu ikimchuruzika mtoto puani na isikome.

Akachovya kidole koponi. Vidole vyake vilijua kitambaa hata taa ikizimika. Dawa ilikuwa laini kama unga. Hii ilikuwa na chenga.

"Mama! Nani kagusa kopo hili?"

Mama mkwe, mwanamke ambaye angeweza kumsuta hata jogoo kwa kuwika vibaya, aliangalia sakafu.

"Wiki jana walikuja wageni, mwanangu, na sukari ilikuwa imeisha. Nikachota humo. Nilipoona limebaki tupu nikaona haya, nikalijaza ya dukani. Si zote sukari?"

Hasira ilimpanda fundi hadi utosini. Kama si damu ile, angesema neno lisilorudishika. Alimbeba mtoto akatoka mbio, na mama mkwe akamfuata pekupeku, kanga ikiburuzika chini. Hospitalini bibi ndiye aliyetangulia kusema.

"Daktari, mimi ndiye niliyemnyima dawa. Mama yake hana kosa."

Daktari hakugomba. Aliagiza damu izuiwe, akatoa kopo jipya. Jioni pua ilikauka, na mtoto akaomba uji. Fundi akalia hapo hapo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama mkwe.

Siku hizi bibi ndiye anayepima dawa, sukari ya dukani haiingii tena nyumbani, na chai hunywewa chungu. Mgeni akizungusha kijiko kwenye kikombe na kuangaza macho, bibi humwahi.

"Kunywa hivyo hivyo. Sukari ya nyumba hii ina mwenyewe, na mwenyewe bado anakua."