Nilimwacha Yohana Aitwe Shemeji wa Panya

Kosa ni langu, na mwaka wa kosa naujua kwa chakula, maana tarakimu zilinikimbia tangu darasa la pili. Ni mwaka ule wa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, tuliokula maboga. Boga asubuhi, boga mchana, majani ya boga jioni, na mbegu zake Jumapili mgeni akija! Mvua ilichelewa, mahindi yakadumaa, na mwenye debe la unga aliamkiwa na majirani kuliko mchungaji.

Katika mwaka huohuo, mwenzangu, mimi nikapata kazi ya kuhudumia panya waliokula karanga.

Usicheke. Ngoja kwanza.

Nilikuwa msichana wa Idodi, nakaa kwa shangazi yangu upande wa Uyole. Kijana mmoja wa kwetu, Yohana, alikuwa karani kwenye shamba la Mzungu msomi huko Mbeya. Akaja kwa shangazi kunitafuta.

"Kamwene," akanisalimu. "Kuna kazi. Kufagia, na kupika pombe ya komoni."

"Komoni ya wafanyakazi?"

"Ya panya."

"Yohana, umeanza kunywa tangu asubuhi?"

Kumbe kweli! Mzungu huyo, tuliyemwita Bwana, alikuwa na panya weupe kumi na wawili, kila mmoja na kizimba chake cha waya. Sita walikula kila siku: pumba, karanga, na maziwa, mimi nikiwa na boga langu tumboni. Sita wengine vizimba vyao vilifungwa kitambaa chekundu. Hao walikula kila siku ya tatu tu. Wote waliwekewa chupa mbili, moja ya maji na moja ya komoni yangu.

Bwana akanieleza kwa Kiswahili chake cha kukoroga: mnyama akinyimwa halafu akafunguliwa, hula kwa pupa. Je, na pombe ataivamia vilevile? Hilo ndilo alilotaka kujua.

Nikamwambia, "Bwana, ungeuliza tu. Njoo kwenye harusi yoyote ya kwetu mwezi wa njaa, utaona."

Akacheka, lakini akanyoosha kidole. "Kitambaa chekundu, usiwape kitu. Siku yao bado, hapana kitu."

Nikaitikia ndiyo. Loo, mdomo wangu huo!

Siku ya kwanza nikavumilia. Siku ya pili nilikaa pale chini kula boga langu la mchana, nikainua macho. Panya sita wamesimama kwa miguu ya nyuma, vidole vimeshika waya, wananitazama! Mtu wa kwetu hali mbele ya mwenye njaa. Hata mbwa wa jirani humtupii jicho bila kumtupia tonge. Nikamega boga vipande sita.

Ikawa kila siku. Nao wakanijua, nikiingia tu wanasimama kama watoto wa shule mbele ya mwalimu.

Hilo ni moja. La pili ni aibu zaidi.

Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna sumu. Yohana alijaza chupa, akatia alama ya penseli ilipofika komoni, akanikabidhi nining'inize. Alipogeuka tu, nikaonja. Sikuonja kikombe kimoja kwa niaba ya wote, hapana! Kila panya na mbele yake, maana kila panya ni mgeni. Vizimba kumi na viwili, mafunda kumi na mawili! Mchana nilifagia huku naimba nyimbo za Krismasi mwezi wa tatu.

Panya wenyewe? Walinusa wakapiga chafya.

Basi daftari la Yohana likaanza kusema mambo ya ajabu. Wenye kitambaa chekundu siku yao ikifika hawali kwa pupa, wanalamba kidogo wanalala. Na komoni, daftari lilisema inapungua kila siku, kwa walioshiba na kwa wenye njaa, sawasawa! Bwana akaja kuwatazama hao walevi wake. Walikuwa wanatembea wamenyooka kama wazee wa kanisa.

Akamwita Yohana, mimi nikiwa palepale na ufagio.

"Panya hapana kunywa," akasema. "Chupa inapungua. Nani kunywa?"

Yohana akasema, "Sijui, Bwana."

"Na hii unaandika, kweli umepima? Au unaandika umelala?"

Yohana akainama kwenye kizimba kimoja chekundu kutazama. Hapo nikaona alichokiona. Katikati ya maranda palikuwa na ganda la boga, jipya, lina alama ya meno yangu! Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Kisha akatia kidole kwenye waya, akalifukia kwa maranda.

Ningesema pale! Neno moja tu, "mimi." Lakini nikafikiri, msichana aliyekunywa pombe na panya, nani ataleta posa? Nitaimbwa kwenye vilabu kuanzia Mbeya hadi Iringa. Nikashika ufagio wangu, nikafagia mahali palipokuwa safi.

Yohana akafukuzwa siku hiyohiyo. Aliyenitafutia kazi!

Maneno yalifika Idodi kwa lori kabla yake. Karani amefukuzwa kwa kunywa pombe ya panya. Nani angelala na habari tamu hivyo? Wakampa jina: Shemeji wa Panya. Akipita, "Shemeji wa Panya, leo kwenu wamepika?" Mama yake akaacha kwenda kisimani watu wakiwapo.

Shangazi akaniletea habari hizo huku anacheka mpaka anajifuta machozi. Mimi boga langu nikalisogeza kando.

Asubuhi nikaenda kwa Bwana, nikamwambia yote, ganda na mafunda. Akakaa kwenye kiti. Akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Kazi ya miezi imeharibika, na karani mpya alikuwa ameshaajiriwa. Aliandika barua ya kumsafisha Yohana, nikaichukua.

Ila akaniambia, "Wewe unapika vizuri. Baki, tutaanza upya. Lakini uape: mwenye kitambaa chekundu, hapana kumpa."

Nikamjibu, "Siwezi. Mwenye njaa akinitazama, mimi nampa."

Nikarudi Idodi. Nilimkuta Yohana shambani, mikono ile ya kalamu imepasuka kwa jembe. Nikampa barua, nikaanza kulia.

"Nilijua," akasema. "Boga liliwekwa na nani, malaika?"

"Nitawaambia watu wote, Jumapili, mlangoni pa kanisa."

"Ukisema, watakusimanga wewe. Mimi nimeshazoea. Nyamaza."

Nami, jamani, nikanyamaza! Hilo ndilo ungamo langu. Boga sijutii. Najutia kwamba niliambiwa ninyamaze na nikaona raha.

Alinioa. Hakushika tena kazi ya kalamu, barua aliihifadhi kwenye Biblia bila kumwonyesha mtu. Mpaka anazeeka aliitwa Shemeji wa Panya, naye akicheka, na akinikasirikia ananiita Mpikaji wa Kumi na Wawili, sisi wawili tu tukijua. Siku ya kumzika, mzee mmoja alilitaja jina lile kwa mapenzi, watu wakatabasamu. Mimi nikainamisha kichwa.

Basi jina langu nalificha, la kwake nalitaja. Watu wa Idodi mtanijua tu. Nijueni, nimeshazeeka, hakuna posa ya kuharibika. Yohana hakunywa hata funda! Nilikunywa mimi.

Nanyi mnaosoma, mtu akibeba aibu yenu kwa hiari, mnyang'anyeni mzigo huo angali hai. Akishakufa mtamtua nani?

Mjukuu wangu wa kike amesoma kupita ukoo mzima, nami husema hivyo hata nisipoulizwa. Juzi alikuja likizo, akanieleza kazi yake ya utafiti: panya, chakula cha zamu, chupa za pombe. Nikamhadithia. Akacheka kama babu yake.

"Bibi, njoo kazini kwangu unisaidie. Ila uniapie wa zamu ya njaa hutamgusa."

Nikamwambia, "Siwezi. Mwenye njaa akinitazama, mimi nampa."