Mama Hakupiga Penalti

Jumamosi mchezaji wetu alikosa penalti, na asubuhi yake akasema redioni maneno yaliyokiwasha kijiji. Kazaliwa hapa Kengeja, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na ndiye wa kwanza wetu kuajiriwa kucheza mpira Bara.

"Kukosa nimekosa," alimwambia mtangazaji. "Lakini mashabiki wetu wenyewe wamenitukania mama mpaka filimbi ya mwisho. Mama yangu hakupiga penalti. Shabiki wa namna hiyo abaki kwao."

Sauti ile ilizunguka kwenye simu, na barazani kahawa ikanywewa kwa hasira.

"Katufukuza!" akafoka fundi wa baiskeli. "Sisi tuliomshangilia tangu anacheza pekupeku! Leo kawa mwalimu wetu wa adabu?"

Nilicheka pamoja nao. Mechi ile niliitazama bandani, kwenye televisheni, na tusi lile lilinitoka na mimi. Tulilizoea, tukaliona ni sehemu ya mpira kama kupiga mluzi.

Jumatatu ndipo nilipoona tulichokifanya. Ulikuwa msimu wa karafuu. Kwa asiyejua, karafuu huchumwa pamoja na vikonyo vyake, na inafaa zichambuliwe siku hiyo hiyo. Zikilala rundoni hushika joto, zikavunda. Kwa hivyo jirani akishusha mzigo, baada ya Alasiri sisi huenda kwake, tukakaa kitako kuzunguka jamvi, tukachambua huku tukipiga soga. Haalikwi mtu. Siku hiyo mama wa mchezaji alikuwa na magunia mawili, mavuno ya mikarafuu yake michache, na hakwenda mtu.

Nilipiga hodi nikamkuta peke yake.

"Karibu mwanangu. Wenzio wamemkasirikia yule mkosa penalti?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Basi waambie waje wanitukane hapa hapa," akasema, vidole vyake havisimami. "Ila mikono ichambue."

Nilirudi barazani nikawapa salamu zake kama zilivyo. Kisha nikasema lililokuwa gumu zaidi: kwamba Jumamosi mmoja wa waliomtukana bi mkubwa yule ni mimi. Nikasema pia kwamba yule kijana ana moyo kuliko sisi sote. Kuwasema mashabiki wa timu pinzani ni kazi rahisi, watakuzomea na iishe. Yeye aliwaambia ukweli watu wanaomwimba, akijua mama yake anaishi katikati yetu.

Fundi wa baiskeli akakiweka kikombe chini.

"Magunia mangapi?"

"Mawili."

Akasimama, na baraza zima likamfuata.

"Shikamoo bi mkubwa," akasema mlangoni.

"Marahaba. Umekuja na tusi lako?"

"Nimelisahau nyumbani, bi mkubwa. Nisamehe."

"Kaa kitako basi, jua halikungoji."

Tulikaa watu tisa. Gunia la kwanza lilikwisha upesi, na tulikuwa tumelimwaga la pili jamvini simu ya mama ilipolia. Alikuwa mwanawe.

"Nina mashabiki wako hapa," mama akamwambia, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

Mchezaji akauliza: "Wanasemaje?"

Fundi akainama kwenye simu, ngumi imejaa karafuu. "Tunasema penalti ile ulipiga vibaya! Mwili uliulaza nyuma, mpira ungeendaje chini?"

Upande wa pili tukasikia kicheko. "Hilo kweli, kaka. Kwa hilo nisemeni mpaka mchoke."

Na alisemwa, hadi jamvi likabaki na vikonyo vitupu.