Sauti ya Kaka Yangu Mikononi mwa Mtani

Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba ya matofali hapa mjini Mazwi nimeijenga mwenyewe, na redio kaseti niliinunua mwenyewe miaka ile ya ruksa, wafanyabiashara walipoanza kupanda na malori yao kununua mahindi yetu, wakaleta na vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Nayasema haya mtu asije akadhani nilisaidiwa.

Jumapili baada ya misa niliiweka redio dirishani. Sikuwa mchoyo. Mwenye kaseti alileta yake, tukasikiliza wote: kwaya, dansi, ngoma. Baiskeli zinapita na magunia ya mkaa, kina mama ng'ambo ya barabara wanapepeta ulezi, upepo wa Juni unatuletea makapi mpaka ndani. Betri zikichoka tulizianika juani, na mimi nikasoma. Nilikuwa na kitabu kimoja, nilichokiokoa kwa muuza karanga aliyekuwa anachana kurasa zake za mbele kufungia. Kilisimulia habari za mtu aliyerudi kwao akakuta hakuna anayemkumbuka. Nilisoma kwa kidole, ukurasa mmoja, kisha tukakaa tunaufikiri.

Aliyeupenda usomaji ule kuliko wote ni Msukuma mmoja mfuga ng'ombe, aliyekuwa akipanda kutoka Kaoze, kule bondeni, kuuza samli. Wale ni watani zetu, na utani wao ni kutuita sisi Wafipa wachawi.

"Mfipa, soma polepole," ananiambia, "usije ukatuitia radi."

"Nyamaza wewe. Ng'ombe wanakuelewa kuliko mkeo."

Aliniletea ngoma za kwao, mimi nikamwekea kaseti ya kaka yangu. Kaka mkubwa alikuwa mkulima wa Mwimbi na aliimba Kifipa vizuri. Nilimfuata na redio yangu mpaka shambani, nikamrekodi akifukia nyasi kwenye matuta. Nyimbo sita. Jembe linasikika, na kikohozi chake kinasikika. Nakala sikutoa, kila siku nilisema nitatoa kesho.

Kikohozi kile ndicho kilichomwondoa. Alikuja mjini kutibiwa, akafia kwangu.

Msukuma alifika siku ya mazishi akafanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu, akashika jembe, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Halafu akaweka kaseti ile, akafungulia sauti mpaka mwisho. "Maiti gani huyu anaimba? Mnataka kumzika nani?"

Kila mtu anajua mtani hakasirikiwi msibani. Nami nilijua. Lakini nilimkamata shati mbele ya watu. "Toka. Hapa si mnada wa ng'ombe."

Msukuma alijinasua. Akatoa kaseti kwenye redio taratibu, akaitia mfukoni. Kitu cha marehemu mtani akikichukua ni chake mpaka ukikomboe.

"Utanifuata," alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Wazee wa ukoo waliniita. "Umemfukuza mtani msibani. Mpelekee kuku na pombe ya ulezi, uombe radhi."

"Niombe radhi kwa kumtoa mtu nyumbani kwangu?"

Nikakaa misimu miwili ya mavuno. Redio sikuiweka tena dirishani. Kitabu nilikishika mara moja, nikafika pale yule mtu anapokaa kwenye kizingiti cha nyumba yao anaulizwa wewe nani, nikakifunga.

Kilichonishinda ni binti mdogo wa marehemu, niliyemchukua nimlee. Aliniuliza tukiwa tunapukuchua mahindi, "Baba mdogo, baba alikuwa anaimbaje?" Nilijaribu. Maneno niliyajua, sauti haikuja. Mtoto aliniangalia, akarudi kwenye mahindi yake.

Wiki ile nilishuka Kaoze na kuku, dumu la pombe na redio.

"Mfipa," Msukuma aliniambia, "kumbe unatembea kwa miguu? Ungo umeharibika?"

"Nimekosa, mtani," nikamwambia. Neno lile sikuwahi kumwambia mwanamume mwenzangu.

Alipokea kuku kwanza. Kisha akatoa kaseti ndani ya kitambaa, akaniambia bila kuzunguka: redio yake iliutafuna utepe. Kipande kimekatika, akaunga kilichobaki. Niliitia kwenye redio yangu bila kufoka, maana mdomo wangu ulishaniponza.

Tuliisikiliza. Nyimbo tatu, kaka yangu yuleyule. Wa nne ukaanza, jembe likapiga mara mbili, halafu mkwaruzo, na tayari tuko wimbo wa tano. Msukuma akazima redio. Akaweka fimbo chini, akaimba ule wa nne mpaka mwisho. Kifipa hakijui. Kila neno lilikuwa mahali pake, na mahali kaka alipovuta pumzi naye alivuta, na mahali alipokohoa alikohoa. Msibani kikohozi kile kilikuwa mzaha. Siku ile hakikuwa.

"Nilikuwa naipiga kaseti yake kila jioni ng'ombe wakirudi," alisema. "Wewe hukuja, nami sikutaka akae kimya."

Nilimwomba arudie. Akasema kuku achinjwe kwanza.

Nyimbo tano ziko kwangu. Wa nne uko Kaoze, na yule binti akitaka kuusikia tunashuka wote wawili, tunabisha kwa Msukuma, tunasubiri mpaka amalize kututania.