Veranda ya Mheshimiwa Nicanor

Namwase, au Mama Shallon kama wateja wanavyomwita, aliuza chapati Nakaloke kwenye veranda ya Mheshimiwa Nicanor. Veranda hiyo ndiyo iliyomlishia watoto. Mheshimiwa naye alikuwa mbunge mchapakazi: muhula mzima alisimama bungeni mara moja, akaomba dirisha lifunguliwe kwa sababu ya joto. Likafunguliwa. Nani atasema hakututetea?

Uchaguzi ulipokaribia, Siraje, fundi wa pikipiki mwenye maneno matamu, akakitaka kiti hicho. Chama chao kikaagiza wanachama wamchague mgombea kwa kupanga mstari hadharani, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Kura ya siri ni ya watu wenye mambo ya kuficha.

Siraje alikunywa chai kwa Namwase kila asubuhi. "Mama, nikiingia mimi, hakuna mnyonge atakayefukuzwa mahali pake pa kazi." Namwase akamwamini, maskini.

Siku ilipofika, Jovia muuza nyanya akamwita kutoka mstari wa Mheshimiwa.

"We Mama Shallon! Umepotea? Veranda iko huku!"

"Niache. Macho yangu yanaona."

"Basi itazame vizuri, maana kesho utaiona kwa mbali!"

Namwase hakutoka kwenye mstari wa Siraje. Mstari wao ulipinda mpaka barabara ya Mbale. Wa Mheshimiwa ungeenea ndani ya teksi moja, na mbuzi akapata pa kukaa. Msimamizi akahesabu, akajifuta jasho, akamtangaza Mheshimiwa mshindi. Hesabu za chama ni nzito, si za watu wa shule ya msingi.

Siraje akaapa kwenda mahakamani. Akaenda Jinja kutafuta wakili, akampata Mheshimiwa hotelini. Wakala samaki, wakapatana. Siraje akarudi na koti jipya na cheo cha mshauri wa Mheshimiwa.

Ushauri wake wa kwanza ulihusu veranda, na aliuleta mwenyewe.

"Mama, usikasirike. Siasa si uadui. Ila Mheshimiwa hataki wapinzani kwenye veranda yake."

"Mpinzani gani, Siraje? Si nilisimama nyuma yako?"

"Ndiyo hiyo, mama. Watu walikuona."

Namwase akazima jiko, akatazama ng'ambo ya barabara, palipokuwa na jua tupu.

"Haya, bwana mshauri, shika meza upande huo."

Siraje akavua koti, wakaivusha pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na mpaka leo ya pekee, aliyomfanyia mpiga kura wake.