Foto Tatu za Msikiti wa Kasongo

Baba mkwe wangu alizaliwa Kasongo, ila miguu ilipomkatalia alibaki kwetu Kabambare, mkekani. Alikuwa na ombi moja tu: kuona msikiti alimosali ujanani, ambao watu walisema sasa umeezekwa bati. Nami nilikwisha kujisifu mbele ya mke wangu kwamba kupiga foto ninajua. Kujua kwenyewe, niliwahi kumbebea padri mmoja aparei yake ya kupigia foto siku mbili.

Mgiriki mwenye duka aliniazima aparei ya foto, na filamu ya foto nane ndani. Nikaomba kwa Wabelgiji barua ya ruhusa ya safari, nikapanda kinga, baiskeli yangu. Kwenye milima, kinga ndiyo iliyonipanda mimi, begani.

Kasongo nilitaka kutenda haki. Mimi mkristo, baba mkwe mwislamu. Basi kanisa foto tatu, msikiti tatu, asije mtu akasema nimependelea. Leo najiuliza haki hiyo ilikuwa ya nani, maana kanisa hakuna aliyeniomba.

Msikitini nilikuta wazee wanatoka kwenye sala ya adhuhuri. Nikawasalimu, nikawaomba wasogee kidogo.

"Tusogee wapi?" mmoja akauliza. "Unataka kupiga nyumba yenyewe tu?"

"Ndiyo, Baba. Iko mugonjwa kule Kabambare, anataka kuona musikiti."

"Akiuona mutupu atasema tulikufa wote. Ngoja tuvae."

Wakarudi na kanzu nyeupe, na ndugu zao, na viti. Siwalaumu. Kwetu nyumba isiyo na mtu mlangoni ni nyumba iliyohamwa. Hata mimi ningesema hivyo, kama aparei haingenipanda kichwani. Nikapiga mara tatu.

Foto ya saba nilipiga biro, ofisi ya Serikali, kwa woga tu. Ikabaki moja, pamoja na njaa. Mama mmoja muuza chakula, ng'ambo ya njia, alinipa wali na samaki wa Lualaba aliyepikwa kwa mawese. Nilifika katikati ya sahani ndipo nikakumbuka aparei.

Filamu ilikwenda Bukavu kuoshwa, ikarudi baada ya miezi. Baba mkwe akasogeza foto za msikiti karibu na pua.

"Mukwe, musikiti iko wapi?"

"Iko nyuma ya watu, Baba."

"Na bati?"

"Nyuma ya kofia zao."

Akatafuta sura anayoijua, asiione. Mke wangu akatazama pembeni. Kisha mzee akashika foto ya sahani, ambayo, lazima niseme ukweli, ndiyo iliyotoka safi kuliko zote.

"Hii ulikula kwanza."

"Nilikula, Baba."

"Ulikuwa umeketi wapi?"

"Ng'ambo ya njia, natazama mulango wa musikiti."

"Basi uliuona. Weka hizo chini, useme."

Nikasema, tonge kwa tonge: bati lilivyong'aa hadi nikala jicho moja nimelifumba, mbuzi aliyelala kivulini, kizingiti cha jiwe kilicholika upande wa kulia. Kumbe vyote nilikuwa navyo, mdomo ukiwa umejaa.

"Kizingiti hicho ni kile chetu," akasema. "Wamegeuza juu tu." Akaitazama tena ile sahani. "Samaki ilikuwa na pilipili?"

"Nyingi, Baba."

Foto ya sahani aliiweka chini ya mto wake. Za kanisa hakuziuliza. Mimi, kwa haki, nikamwonyesha zote tatu.