Kibao cha Chemchemi

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha mpaka leo kwenye chemchemi moja ya Uluguru, na uso huniwaka kana kwamba watu wale bado wamesimama wananitazama.

Enzi hizo za Mdachi, Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Miwani alikuwa na shamba la mpira chini ya kijiji chetu. Alipenda vibao kuliko miti yake. Kila njia aliiwekea kimoja, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kimoja kilisema MBUZI ASIPITE, nacho alikipigilia chini kabisa, usawa wa macho ya mbuzi. Mbuzi wa kwetu hawakuwa wamesoma, wakapita.

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wao, Bwana Miwani alipanda mlimani na wageni wake kutoka mjini, mabibi wenye miavuli, waje kula na kupunga upepo penye chemchemi yetu. Baba na wenzake waliwabebea viti na vikapu. Sisi wengine tuliitwa tukapangwa mstari, maana palikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka.

"Nani kujua soma?" akauliza Bwana Miwani.

Baba akanisukuma mbele. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa mapadri, naye hakuchoka kunisifia. "Huyu wangu, bwana. Kusoma kwake ni kama kunywa maji."

Nikatazama juu. MAJI SAFI. WOTE KUNYA HAPA.

Bwana alikuwa amesahau herufi moja tu ya kunywa, na lililobaki ni jambo ambalo watu huliendea vichakani. Nyuma yangu walisimama bibi, wajomba, na mama mkwe wa dada yangu. Neno lile mtoto wa kwetu halitamki mbele ya wakubwa, hata tumbo likimsokota.

"Soma!"

Nikanyamaza. Wageni wakacheka, mmoja wao akanitia peremende mkononi, kama apewavyo mtoto asiye na akili. Baba akavua kofia.

"Samahani, bwana. Mtoto huyu mjinga."

Njia nzima ya kurudi hakunitazama. Jioni nilimnong'oneza bibi kilichoandikwa kibaoni, naye akamwambia mwanawe huku akicheka na kushika mbavu. Baba hakucheka.

"Kumbe uliweza kusoma?"

"Ndiyo, baba."

Akatoka nje. Chakula chake kikapoa.

Asubuhi alinisindikiza mpaka misheni, mwendo mrefu ambao hakuwa amewahi kunisindikiza. Tulipofika penye nyumba ya Bwana Miwani alivua kofia tena, akasalimu, akapita. Nilimwonea aibu, baba yangu, kuliko nilivyojionea mwenyewe jana yake.

Kibao hakuna aliyekisahihisha. Watu walichapwa viboko kwa makosa madogo kuliko kumwambia Mzungu amekosea. Hilo nililijua hata utotoni. Nisichokijua, mpaka nilipopata watoto wangu, ni kwamba asubuhi ile baba alikuwa akiniomba radhi, na kutembea nami ndiyo njia pekee aliyoweza.